Tahadhari: Wakala wa "Ulaya kwa Wanafunzi" anauza tiketi hewa

Wadau, hasa nyie mlioko vyuoni Marekani mnaojipanga kuzurura Ulaya likizo ya Machi: kuna tapeli anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa huku. Anauza kifurushi cha siku tisa, Paris, Amsterdam na London, ndege kutoka New York, hosteli na treni zote ndani, na viza eti "tunashughulikia sisi". Bei dola 1,150. Jina silitaji kwa sababu analibadilisha kila anapofukuzwa grupu. Mjueni kwa mbinu zake.

Aliyelizwa safari hii ni binti wa Kitanzania anayesali nasi hapa. Wanachuo wenzake Wamarekani walikuwa wanaenda, naye akataka kuungana nao. Tapeli akaanza na "dada angu, sisi wa nyumbani lazima tusaidiane", sauti tamu ya Kidar kabisa, ukisikiliza ile voisi unaweza kudhani ni kaka yako. Halafu "nafasi zimebaki mbili, mwisho leo saa sita usiku". Binti alipoanza kuingiwa na wasiwasi aliniletea nyaraka zote. Kabla sijaja huku nilikuwa nakata tiketi kwenye ofisi ya usafiri Dar, kwa hiyo makaratasi ya aina hii nayajua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapigwa: uhifadhi wa ndege ulikuwa wa kweli. Jamaa alimpa zile herufi na namba sita za kufungulia uhifadhi, akamwambia aingie mwenyewe kwenye tovuti ya shirika ahakikishe. Akaingia, akaona jina lake, kwenda na kurudi, mpaka saa za kuondoka. Nani angetilia shaka? Pesa ikaenda kwa Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana pesa moja kwa moja kutoka benki) usiku ule ule.

Lakini kushikiwa nafasi si kukatiwa tiketi. Wakala mwenye mfumo wa kuhifadhi nafasi anaweza kukushikia kiti bila kulipa hata senti, na muda ukipita bila malipo nafasi inafutwa. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika la ndege: 074 ni KLM, 057 ni Air France, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Kwenye karatasi ya huyu binti palikuwa na mstari wa namba ya tiketi, na mbele yake patupu. Alipoingia tena kwenye tovuti baadaye, safari haipo. Akampigia jamaa, akakuta ameshablokiwa.

Kwa hiyo ukiletewa herufi sita, omba namba ya tiketi. Ukiambiwa "itatoka baada ya malipo", sawa, hata ofisi halali husema hivyo, ila basi lipa kwa njia unayoweza kuidai. Au piga simu shirika lenyewe na uulize swali moja tu: tiketi imetolewa au bado?

Hosteli nazo mchezo ule ule. Uthibitisho ulikuwa halali, ila ni ule wa kulipa ukifika na kufuta bure. Aliyebuki ni tapeli kwa barua pepe yake mwenyewe, aliyefuta ni yeye, na binti hakupata hata taarifa.

Kwenye viza ndipo alipojianika. Alimwambia viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) inatosha kwa miji yote mitatu. Ufaransa na Uholanzi, ndiyo. London, hapana: Uingereza haimo Schengen, na mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza yake kabisa. Ukaguzi wa pasipoti wa treni ya Eurostar ya kwenda London unafanyika pale pale Gare du Nord, Paris, kabla hujapanda. Tena akamtoza pesa ya ETA ya Uingereza! ETA ni kibali cha wasiohitaji viza, kama hao rafiki zake Wamarekani. Kwa pasipoti yetu haiombwi, hata ulipe mara ngapi. Na hakuna wakala wa kukuombea Schengen ukiwa umelala chumbani. Alama za vidole unazitoa mwenyewe, labda kama ulishazitoa ndani ya miezi 59 iliyopita. Ada ya ubalozi ni euro 90 kwa mtu mzima, na maombi yanapaswa kuingia angalau siku 15 kabla ya safari. Huyu alikuwa anaahidi viza "ndani ya siku tatu".

Hata ratiba yake ukiisoma kwa utulivu inamsuta. Jumanne kaweka Louvre, na Louvre hufungwa Jumanne. Nyumba ya Anne Frank kaahidi "tiketi utapewa mlangoni", wakati tiketi za pale huuzwa mtandaoni tu, kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Mtu aliyewahi kupeleka wageni hata mara moja hawezi kuandika hivyo.

Malipo yake ni Zelle, Cash App au M-Pesa tu. Ukimwambia kadi ya mkopo, anasema "kuna makato makubwa". Hataki kadi kwa sababu benki inaweza kumnyang'anya pesa ikakurudishia. Zelle uliyoituma kwa mkono wako ni vigumu mno kuirudisha, na binti benki wamemjibu hivyo hivyo. Hata hivyo tumeshapeleka taarifa FTC (tume ya Marekani inayolinda wanunuzi) kupitia reportfraud.ftc.gov na pia IC3, kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Kama nawe umepigwa, peleka yako na uambatanishe namba ya simu iliyopokea pesa yako, maana majina yanabadilika lakini nadhani namba hazibadiliki haraka hivyo. Msifute meseji wala voisi, hata kama zinakuuma kuzisikiliza.

Tangazo limeshaanza kurudi. Picha ni zile zile za Mnara wa Eiffel usiku, ila sasa ni "Prague, Vienna na Roma, ofa ya Pasaka". Likitua kwenye grupu lenu, mwambieni admini alitoe, kisha mfuateni faragha aliyeuliza "bei gani?" kabla jamaa hajamfikia.