Mfuko gani wa kwenda nao sokoni Dodoma: kuanzia unaodumu hadi wa kulazimika

Wiki iliyopita nilihesabu mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi iliyochukua nafasi ya rambo, iliyojazana nyuma ya mlango wa stoo: 23. Zaidi ya nusu, mikono imekatika. Yote niliinunua kwa kusahau, jero jero (shilingi 500 kila mmoja), baada ya kufika Soko la Majengo mikono mitupu na kijana kunifuata nyuma: "Dada, mfuko huo, nyanya utabebea wapi?" Jumla yake ni 11,500, karibu sawa na bei niliyonunulia kikapu ninachokiweka namba moja hapa.

1. Kikapu cha mikanda ya plastiki

Ni kile cha rangirangi kinachosukwa kwa mikanda migumu. Kinasimama chenyewe, kwa hiyo viazi vinakaa chini, nyanya juu, na muuzaji anamimina bila wewe kushikilia mdomo. Ukikiweka kwenye tope la sokoni hakinywi maji. Kukisafisha ni brashi na kopo mbili za maji tu, jambo kubwa kwenye nyumba zetu za mgao.

Kabla ya kulipa, kigeuze uangalie kitako. Mikanda iwe imebana kiasi kwamba kidole hakipenyi. Kisha fuata mikono kwa macho: mizuri inashuka ubavuni mpaka chini ya kitako, mibaya imechomekwa mdomoni tu na itachomoka siku ya kwanza ya kubeba lita 5 za mafuta ya alizeti. Kinyanyue pia ukiwa umesimama wima. Mikono ikiwa mirefu, kitako kitaburuza chini.

Kasoro yake ni kwamba hakikunjiki. Ukitoka nacho Soko la Job Ndugai kule Nzuguni jioni, daladala imejaa, utakipakata kama mtoto.

2. Mfuko wa kitambaa

Nunua, au mpelekee fundi cherehani kipande cha turubai au kitenge kizito chenye bitana. Mwambie mikono aishone kwa kisanduku chenye msalaba ndani yake, siyo mstari mmoja. Unakunjika, unaingia kwenye mkoba, na ndio unaoniokoa nikipitia sokoni bila kupanga. Karanga, ubuyu, mlenda mkavu, mkate, vyote sawa.

Nyama usithubutu. Niliwahi kutia nusu kilo iliyofungwa gazeti. Damu ilipita hadi kwenye bitana, na harufu ilibaki baada ya kufua mara tatu. Siku hizi naenda buchani na bakuli lenye mfuniko, na samaki vilevile.

3. Kiroba kilichoshonewa mikono

Huu ni wa mzigo: viazi, vitunguu, mahindi ya kuchoma ya familia nzima. Bei ndogo, nguvu nyingi. Adui yake ni jua. Ukiuanika uani wiki mbili, nyuzi zinaanza kupukutika mkononi, na siku moja kitako kinaachia barabarani. Utunze ndani.

4. Mfuko mbadala

Siuchukii, ila ununue kwa macho. Kiwango kinachotakiwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Sokoni hakuna mizani ya kupima hilo, basi uinue kuelekea juani: ukiona vidole vyako upande wa pili, uache. Angalia pia mikono kama imeshonwa kwa uzi au imegandishwa kwa moto. Wa kugandishwa ndio ulionimwagia nyanya kwenye mtaro pale Majengo, na aliyeniuzia alicheka kuliko mimi.

5. Mfuko wa khaki

Mkate na maandazi, basi. Ukilowa, umekwisha.

Kuna na vile vifuko laini vya kuonea ndani, ambavyo baadhi ya wauzaji bado wanakutilia mchicha. Hivyo ni vifungashio, siyo vya kubebea. Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na anayekutwa akitumia mfuko wa plastiki faini inaanzia shilingi 30,000. Mwambie tu, "Mama, tia humu humu kwenye kikapu."

Ule mfuko mkubwa wa "shangazi kaja" sijaupanga. Huo ni wa safari. Ukiingia nao sokoni kununua mafungu mawili ya matembele, watu watakuuliza unahamia wapi.