Twisheni ya hesabu Soweto Mbeya: mafumbo ya x na y yameeleweka

Wazazi wenzangu wa Mbeya niseme hili maana nimehangaika nalo mwaka mzima. Binti yangu yuko kidato cha pili, ukimpa milinganyo miwili imeshaandikwa anakutolea x na y fasta, njia ya kuondoa herufi moja ibaki nyingine anajua, ya kubadilisha herufi moja kwa kuweka nyingine badala yake anajua, ila mletee swali la maneno anakaa anaangalia karatasi tu. Twisheni ya kwanza walikuwa wanamkaririsha hatua, miezi mitatu hela imeenda na hakuna kilichobadilika, iliniuma sana.

Sasa hivi anasoma kwa mwalimu mmoja Soweto, chumba nyuma ya maduka, 20,000 kwa mwezi, Jumamosi na Jumapili. Huyu jmn anajua kazi yake. Mtoto haandiki mlinganyo kabla hajaandika kwa Kiswahili x ni nini. Na ukiandika "x ni ndizi" unarudishiwa daftari, ndizi sio namba, andika x ni idadi ya mikungu. Siku moja nilikaa nyuma nikasikiliza, swali lilikuwa hivi: lori limeshusha soko la Mwanjelwa mikungu ya ndizi za Tukuyu na madebe ya viazi, jumla mizigo 20, mkungu 8,000, debe 12,000, vyote vimeuzwa 196,000. Hapo kuna habari mbili, ya idadi na ya hela, kila habari na mlinganyo wake: x + y = 20, halafu 8,000x + 12,000y = 196,000. Kabla hawajakokotoa akawaambia chukulieni yote 20 ni mikungu, mngepata 160,000, imepelea 36,000, na kila debe linazidi mkungu kwa 4,000, basi madebe 9, mikungu 11. Yaani darasa zima likaona kumbe ile njia ya kuondoa ndo hesabu hiyohiyo ya sokoni, imeandikwa kwa herufi tu.

Kingine nilichokipenda mno, mwalimu anawaambia jibu mnalihakiki kwenye maneno ya swali, sio kwenye milinganyo yenu, maana mlinganyo ukiuandika vibaya jibu litaukubali tu na bado umekosa. Binti yangu alikuwa anaangukia hapohapo, akiambiwa x ni pungufu ya y kwa 5 anaandika x = 5 − y badala ya x = y − 5, na maswali ya sekondari yako kwa Kiingereza ndo anachanganyikiwa zaidi.

Kasoro zipo. Chumba kidogo, watoto wengi, mvua ikipiga bati husikii kitu, na daftari zingine zinakaa hadi wiki inayofuata ndo zisahihishwe.

Juzi jioni binti kanitungia swali lake la nauli ya daladala la Uyole, wakubwa na wanafunzi, kasimama pembeni ananisubiri niseme kwanza x ni nini. Mkimpeleka mtoto afike kabla ya saa tatu asubuhi, viti vya mbele vinawahi kujaa.