Uzoefu wangu na ruta iliyotii amri kupitia kisanduku cha ping

Kwa miezi kumi na minne sasa ninatumia ruta ya antena nne niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000, na katika muda huo imekuwa na maisha mawili: miezi sita ikiendeshwa na programu dhibiti iliyotoka nayo kiwandani, na miezi minane iliyofuata ikiendeshwa na OpenWrt, programu huria ya ruta inayowekwa badala ya ile ya kiwandani. Chapa yake siitaji, kwa kuwa niliyoyaona niliyaona kwenye kifaa kimoja tu, tena cha toleo la zamani.

Kwa upande wa mawimbi sina la kulalamikia. Muuzaji alinihakikishia, "Kaka, hii inapita kuta tatu," na kweli inazipita, ingawa nyumba yetu ni ya matofali ya saruji na ruta imewekwa chumba cha mwisho. Ningeandika tathmini kwa kigezo hicho pekee ningeipa nyota tano na kwenda zangu.

Jioni moja intaneti ilipokuwa inasuasua niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio, mahali penye kisanduku cha kupima mawasiliano kwa ping. Mtumiaji anatakiwa kuandika anwani, kubonyeza kitufe na kusubiri majibu. Kwa kuwa nilikuwa nimewahi kusoma kuhusu udhaifu unaoitwa upenyezaji wa amri, niliandika 127.0.0.1, anwani ambayo kifaa hutumia kujiita chenyewe, nikaweka nuktamkato, kisha nikaongeza neno reboot, ambalo ni amri ya kuwasha upya. Taa zote zilizimika kwa pamoja, zikaanza kuwaka moja moja, na sebuleni watoto wakapiga kelele kwa sababu katuni yao ilikatika katikati. Ruta ilikuwa imetii amri ambayo hakuna kitufe chochote cha ukurasa ule kilichokusudiwa kuitoa.

Ruta nyingi za nyumbani ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Mtengenezaji anapotaka kuweka kisanduku cha ping, njia ya mkato ni kuchukua maandishi ya mtumiaji, kuyabandika mwishoni mwa neno ping, na kuukabidhi mstari mzima kwa sheli, yaani ile programu inayosoma amri na kuzitekeleza. Kwa sheli, nuktamkato ina maana kwamba amri moja imekwisha na nyingine inaanza, kwa hiyo chochote kitakachoandikwa baada yake kinatekelezwa, na kwa kawaida kinatekelezwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, ambaye ndani ya mfumo huo hana wa kumzuia. Dawa yake inajulikana tangu zamani: programu ya ping iitwe moja kwa moja bila kupitia sheli, anwani ikipelekwa kama kitu kinachojitegemea, na kabla ya hapo ihakikiwe kwamba ni anwani kweli. Ndiyo maana kasoro hii huniudhi kuliko nyingine. Ni uvivu, si ugumu wa kazi.

Rafiki yangu mmoja alinipinga kwamba ili kukifikia kisanduku hicho ni lazima kwanza mtu awe na nenosiri. Ni kweli kwa ruta yangu, ila nenosiri lenyewe lilikuwa admin, kama lilivyochapishwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, na naamini nyumba nyingi za jirani ziko hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, yapo matukio ambayo nenosiri halikuhitajika kabisa. Mwaka 2018 ilibainika kwamba baadhi ya ruta za faiba zilizotengenezwa na kampuni ya Dasan zilikuwa na nyufa mbili zinazosaidiana: kwa kuongeza maneno machache kwenye anwani ya ukurasa mtu aliruka hatua ya kuingia, na akishaingia alikuta kisanduku cha uchunguzi cha ping chenye ugonjwa uleule wa kwangu. Mnamo Desemba 2016 zilikuwa ruta za Netgear, zikiwemo R7000 na R6400, ambapo mmiliki aliyefungua tu tovuti yenye hila angeweza kuifanya kompyuta yake mwenyewe iitumie ruta amri kutokea ndani ya nyumba. Kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT, cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilifikia hatua ya kushauri watu waache kuzitumia hadi zirekebishwe.

Kisa cha ruta ya Archer AX21 ya TP-Link ndicho kilichonifanya niache kuahirisha kuhamia OpenWrt. Udhaifu wake, wenye namba CVE-2023-1389, ulikuwa mahali pa kuchagua nchi kwenye ukurasa wa lugha, haukudai nenosiri, na ulionyeshwa kwenye shindano la udukuzi la Pwn2Own lililofanyika Toronto mnamo Desemba 2022. Mtengenezaji alitoa marekebisho Machi 2023. Aprili mwaka huohuo wadukuzi wa kundi la programu hasidi za Mirai walikuwa tayari wanazikusanya ruta ambazo wenyewe hawakuwa wamezisasisha, na tarehe 1 Mei shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, likauingiza kwenye orodha yake ya nyufa zinazotumika katika mashambulizi. Mwenye ruta iliyotekwa haoni dalili. Video zinaendelea kucheza huku kifaa chake kikitumwa kushambulia wengine. Na huyo alikuwa na bahati ya kuwa na marekebisho ya kusakinisha. Mimi nilipobonyeza kitufe cha kutafuta sasisho niliambiwa kwamba ninatumia toleo jipya kabisa, na toleo hilo lilikuwa na umri wa miaka minne.

Nilihamia OpenWrt Jumamosi moja asubuhi, na kazi nzima ilichukua kama saa mbili, nusu yake ikiwa ni kusoma. Jambo la kuzingatia sana ni namba ya toleo la kifaa iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, kwa maana ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Zenye kumbukumbu ndogo hazifai, na zenye chipu ya waifai ya Broadcom mara nyingi ni za kuepukwa. Tumia waya wakati wa kusakinisha, wala usishtuke waifai isipoonekana baadaye, kwani huja ikiwa imezimwa hadi uiwashe mwenyewe; nenosiri nalo halipo mpaka uliweke, na hilo liwe jambo la kwanza.

Inafurahisha kwamba mradi wa OpenWrt ulianza mwaka 2004 kwa ruta ya Linksys WRT54G, ambayo ukurasa wake wa ping ulikuwa na kasoro hiihii, na wamiliki wenyewe waliitumia kufungua njia ya kuweka programu wanayoitaka.

Nisiipambe kupita kiasi. Kasi yangu kwa waya ilishuka kidogo kwa sababu kifaa hakitumii tena sehemu maalumu za chipu zilizokuwa zikiiharakisha, na shemeji yangu, ambaye aliweza kubadilisha nenosiri la waifai kwenye ukurasa wa zamani bila kuuliza, sasa hunipigia simu. OpenWrt yenyewe iliwahi kupatwa: Desemba 2024 mtafiti aligundua kwamba huduma yake ya kutengeneza masasisho kwa ombi la mtumiaji ilikuwa na upenyezaji wa amri, pamoja na alama ya uhakiki iliyokatwa ikabaki herufi 12 tu kati ya 64. Walirekebisha ndani ya saa chache na kueleza wazi kilichotokea. Nikilinganisha na miaka minne ya kimya niliyoikuta mwanzo, najua ninayemwamini.

Kifaa chenyewe nakipa nyota nne, programu yake ya kiwandani nyota moja, na OpenWrt nyota nne na nusu. Ile nusu naikata kwa niaba ya shemeji. Kabla ya kuandika haya nilifungua kisanduku cha ping cha sasa nikaandika mstari uleule wa siku ile, ingawa najua kwamba mwenye nenosiri la ukurasa huu tayari ana mamlaka yote ya kuwasha upya atakavyo. Jibu lililorudi lilisema kwamba hiyo ni anwani mbaya, na taa hazikuzimika.