Vipande viwili vya Galfenol: asilimia ileile, urefukaji tofauti

Mwezi uliopita nilipokea hapa Mtwara vipande viwili vya aloi ya chuma na galiamu, ijulikanayo kwa jina la Galfenol, nilivyoagiza mtandaoni kutoka duka moja la nje kwa ajili ya somo langu la fizikia. Kila kimoja kina urefu wa sentimita 5 na unene wa penseli, na vibandiko vya vyote viwili vinasema jambo lilelile: galiamu asilimia 20. Vilifungwa vizuri na kupakwa mafuta ya kuzuia kutu, jambo la maana kwetu tunaoishi Shangani, ambako upepo wa bahari hula hata bawaba za milango.

Kwamba chuma hubadilika urefu kidogo sana kinaposumakishwa, mwanafizikia Mwingereza James Joule alilionyesha mwaka 1842, na tabia hiyo ndiyo iitwayo magnetostriksheni. Galiamu ikiongezwa hadi karibu atomu 19 katika kila 100, fuwele moja ya aloi hurefuka kwa sehemu 400 hivi katika milioni, zaidi ya mara 10 ya chuma tupu. Terfenol-D, aloi nyingine yenye tabia hii, huishinda kwa mbali, lakini hupasuka kama chungu, ilhali Galfenol huchongeka kwa mashine na hata kuchomelewa.

Nilivipima kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiiga: kipande kimelazwa ndani ya koili, ncha moja imezuiwa, ncha nyingine imekaa juu ya sindano nyembamba yenye kioo kidogo kinachorudisha mwanga wa leza kwenye ukuta ulio mita 4 mbali, na springi inakisukuma kipande kwa urefu wake, kwa kuwa aloi hii huonyesha uwezo wake vizuri zaidi ikiwa imeshindiliwa kwanza. Umeme nauwasha kwa sekunde moja tu, kwani koili ikipata moto, joto lenyewe hurefusha chuma kwa sehemu 12 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja, na mtu anaweza kusifu sumaku kwa kazi iliyofanywa na joto.

Kipande cha kwanza kiliusogeza mwanga sentimita 8, na darasa likapiga makofi. Cha pili hakikufika 5. Nilibadilisha sindano, nikageuza ncha, nikarudia jioni kulipopoa, jibu halikubadilika.

Nilipomwandikia muuzaji, alijibu kwa uungwana kwamba vilitoka mikupuo tofauti: kimoja kilitumbukizwa majini kikiwa chekundu, kingine kiliachwa kipoe taratibu ndani ya tanuri. Maelezo hayo, ambayo hayamo kwenye kibandiko, ndiyo bidhaa yenyewe. Kwenye joto kubwa, atomu za galiamu hutawanyika ovyo katika vichemraba vya chuma, na huo ndio mpangilio uitwao A2, wenye urefukaji mkubwa. Aloi ikipoa polepole, atomu hizo hupata muda wa kutafuta nafasi zao, kama wageni wa shughuli wanaoonyeshwa viti, na kuunda mpangilio wenye utaratibu uitwao D03. Hapo urefukaji hushuka. Maji ya ghafla huwakuta wageni bado wamesimama. Ndiyo maana kilele cha urefukaji cha aloi iliyopoa taratibu huja karibu na asilimia 17, na cha iliyotumbukizwa majini husogea hadi 19 au zaidi kidogo. Kwa asilimia 20, basi, namna ya kupoza ni kila kitu.

Kipande cha pili, kile kilichopoa taratibu, sikukirudisha. Nilikipeleka Chikongola kwa fundi anayefua majembe kwa mkaa na mvukuto, nikamwomba akipashe hadi rangi ya chungwa iliyoiva, akishikilie hapo muda mrefu kuliko alivyozoea, kisha akitose kwenye ndoo. "Mwalimu, kwani unataka panga?" aliniuliza, kwa kuwa kwake kutosa ni kutafuta ugumu. Kilitoka na maganda meusi niliyoyaondoa kwa msasa, na mwanga ukafika sentimita 7. Huduma ya fundi huyu naipa alama zote; alitoza kidogo kuliko nauli ya bodaboda iliyonipeleka.

Bidhaa yenyewe naipa nyota tatu kati ya tano. Metali ni nzuri, bei ni kubwa ila inavumilika, na kibandiko kinaficha nusu ya habari. Anayetaka kuitumia kwenye kipimo cha kweli asinunue kwa asilimia peke yake. Nimeagiza kipande cha tatu, cha asilimia 28, karibu na kilele cha pili cha aloi hii, na safari hii nimemtaka muuzaji aandike joto la mwisho, muda wake, na kama kilipozwa kwa maji au kwa tanuri, kabla sijatuma fedha.