Siku Nzima Ndani ya M+, Hong Kong: Wachina Wanapojiuliza Wao Ni Nani

Pale Kariakoo neno "Mchina" lina kazi nyingi. Ni mtu, ni bidhaa, na wakati mwingine ni hukumu kamili: simu ikizimika baada ya wiki mbili tunasema ni ya Mchina, na ikidumu miaka mitatu tunasema hii si ya Mchina, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Nimeishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka sita, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha mkalimani wa wafanyabiashara wanaofikia mtaa wa Xiaobei kununua mzigo, na nakiri kwamba pamoja na kuijua lugha nimeendelea kulibeba neno hilo kama gunia ambalo humo ndani kila kitu kinaingia. Ninapoandika tathmini hii ya M+, jumba la makumbusho ya sanaa na utamaduni wa kuona lililoko West Kowloon, Hong Kong, ambalo nililitembelea mwezi wa Aprili 2023, ninaandika kuhusu mahali palipolichana gunia hilo.

Kufika ni rahisi kwa anayetokea Guangzhou. Treni ya mwendo kasi hutumia takriban saa moja hadi kituo cha West Kowloon, na ukaguzi wa hati za pande zote mbili hufanyika humo humo kituoni. Mwenye viza ya kuingia China mara moja tu ajihadhari, kwa sababu kuvuka kwenda Hong Kong kunahesabiwa kuwa ametoka nchini, na kurudi kutamdai viza nyingine. Tiketi ya kawaida wakati huo ilikuwa dola 120 za Hong Kong. Kwa mtu aliyezoea kubana matumizi si fedha ndogo, lakini jumba lina kumbi 33 za maonyesho zenye jumla ya mita za mraba 17,000, kwa hiyo anayeingia asubuhi na kutoka jioni hawezi kudai kwamba amepunjwa.

Jengo lenyewe, lililofunguliwa tarehe 12 Novemba 2021, lilisanifiwa na kampuni ya Herzog & de Meuron ya Uswisi, na umbo lake ni kama herufi T iliyopinduliwa: chini ubao mpana, juu mnara mwembamba, kote limevikwa vigae vya kauri vya kijani kilichokolea ambavyo kwa mbali huonekana vyeusi. Limesimama juu ya ardhi iliyotwaliwa baharini kwa kujazwa kifusi, na chini yake linapita handaki la treni ya uwanja wa ndege. Wasanifu hawakulificha handaki hilo. Walichimbua udongo ulioizunguka njia hiyo ya reli, wakaacha zege lake likiwa tupu, na pango lililopatikana wakaligeuza kuwa ukumbi wa maonyesho. Nilipenda ujasiri huo. Mji ambao umejengwa juu ya kifusi na mahandaki hauna sababu ya kujifanya umeota wenyewe kama mbuyu.

Moyo wa jumba, kwa maoni yangu, ni mkusanyiko wa Uli Sigg, mfanyabiashara wa Uswisi aliyekuwa balozi wa nchi yake mjini Beijing kuanzia mwaka 1995 hadi 1998. Mwaka 2012 alilizawadia jumba hili, lililokuwa bado halijajengwa, kazi 1,463 za wasanii wa China, na kazi nyingine 47 zikanunuliwa kutoka kwake kwa dola za Hong Kong milioni 177. Nilisimama mbele ya maelezo hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya michoro kadhaa. Sanaa iliyozaliwa China kuanzia miaka ya 1970, wakati ambapo soko lake lilikuwa karibu halipo, ilitunzwa na mgeni, kama vile shajara ya ukoo inavyoweza kuhifadhiwa kwa jirani wakati wa mafarakano ya nyumbani. Sisi ambao vinyago vyetu vingi vya Kimakonde vimekaa kwenye makabati ya Ulaya tunaijua nusu ya kwanza ya kisa hiki. Nusu ya pili, ile ya jirani kurudi mwenyewe na shajara mkononi, ni nadra, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa haki ni nani aliyeamua kipi kiingie katika shajara hiyo na kipi kiachwe, kwa kuwa jicho lililochagua lilikuwa moja.

Kilichonifunga miguu ni mchoro wa Zhang Xiaogang wa mfululizo wake maarufu wa familia, alioanza kuuchora mwanzoni mwa miaka ya 1990 akitumia picha za zamani za studio. Watu wamekaa wima, wametazama mbele, nguo zao zimefungwa vifungo hadi shingoni, na nyuso zao zimelainishwa kiasi kwamba huoni alama ya brashi hata ukisogea karibu hadi mlinzi aanze kukuangalia. Kila kitu ni kijivu, kijivu cha picha iliyokaa miaka mingi kwenye droo. Kisha unauona uzi mwekundu, mwembamba kama unywele, ukitoka kwa mmoja na kupita kwa mwingine hadi kupotelea ukingoni mwa mchoro. Na juu ya uso mmoja kuna doa la rangi, lenye mpaka usiofuata shavu wala pua, kama mwanga uliopita kwenye ufa wa dirisha. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye picha ya studio sebuleni, baba amekaa kwenye kiti cha kuazima na mama amesimama na mkono begani, ataijua hali hiyo ya kuzuia pumzi mbele ya kamera. Tofauti ni kwamba Zhang amezifananisha nyuso zote, baba na mama na mtoto, kana kwamba ukoo na taifa vilitumia mhuri mmoja. Mimi nilikwenda nikidhani kwamba ni sisi wa mbali tunaoona Wachina wote wanafanana. Kumbe mchoraji wao alikuwa amelibeba swali hilo kabla yangu, na kwa uchungu zaidi.

Mkusanyiko huo una pia video ya Zhang Peili ya mwaka 1988, ambayo wengi huihesabu kuwa kazi ya kwanza ya sanaa ya video nchini China. Anavunja kioo cha sentimeta 30 kwa 30, anaunganisha vipande kwa gundi, anakivunja tena. Basi. Inachosha kwa makusudi, na niliiacha kabla haijaisha.

Kuhusu Ai Weiwei, msanii wa China anayejulikana kwa kuikosoa serikali ya nchi yake, lazima niseme wazi. Kazi yake ya mitungi ya kale ya udongo, mingine ikiwa imepakwa rangi nyeupe na mingine ikiachwa na michoro yake ya maelfu ya miaka, ni miongoni mwa kazi zilizooneshwa tangu ufunguzi, na ni kazi nzito: unatazama mtungi uliosafishwa ukawa safi mno, na hujui kama umeokolewa au umeuawa. Lakini picha yake ya mwaka 1997, ile anayonyosha kidole cha kati kuelekea lango la Tiananmen mjini Beijing, ambayo nayo imo katika mkusanyiko wa Sigg, haikuwekwa ukutani, na mwaka 2021 hata taswira yake iliondolewa kwenye tovuti ya jumba baada ya wanasiasa kulalamika kwamba huenda inakiuka sheria ya usalama wa taifa. Mgeni anayeingia bila kujua hilo atadhani ameoneshwa mazungumzo yote, hali ameoneshwa yale yaliyoruhusiwa kusikika. Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa ya kwenda. Nasema hivyo kwa sababu ukimya nao ni sehemu ya utambulisho unaooneshwa humu, na anayeutafuta atauona.

Hapo ndipo niliposhukuru kukutana na "Mfalme wa Kowloon". Tsang Tsou-choi, aliyezaliwa Guangdong mwaka 1921 na kufariki Hong Kong mwaka 2007, hakuwa msanii kwa maana ya kusoma sanaa. Kwa miongo mingi alizunguka mitaani na brashi na wino, akaandika kwenye kuta, nguzo na masanduku ya umeme kwamba ardhi ya Kowloon ilikuwa mali ya mababu zake na kwamba ameporwa. Wafanyakazi wa mji walifuta, yeye aliandika tena. Mwaka 2003 maandishi yake yalifika kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na leo milango aliyoiandika imo katika hazina ya M+. Ukisogea unaona majina ya ndugu, wazee na mahali, yamebanana bila nafasi ya kupumua, herufi nyingine kubwa na nyingine ndogo, wino ukizidi pale mkono uliposita. Ni nasaba na ni hati ya madai ya kiwanja kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kumsikia mzee wa Pwani akitaja mababu saba ili athibitishe shamba la minazi ni la nani, hatahitaji mfasiri.

Mimi lakini nilihitaji. Kichina nilichojifunza Guangzhou huandikwa kwa herufi zilizorahisishwa, na Hong Kong wanaandika zile za zamani. Neno "nchi" ninalolijua ni kisanduku chenye jiwe la thamani ndani yake; neno hilo hilo kwenye kuta za Hong Kong ni kisanduku chenye silaha na kinywa. Mtu ananunua tiketi akiamini anakwenda kuona Uchina, na hata jina la nchi lina maumbo mawili. Ongeza kwamba wahudumu walikuwa wakizungumza Kikantoni kati yao, kisha wakageukia Kimandarini au Kiingereza kwa kumsoma mtu usoni, na utaelewa kwa nini nilitoka nikiwa na maswali mengi kuliko nilivyoingia.

Kumbi za usanifu na samani nilizipita haraka, isipokuwa kwa baa nzima ya sushi ya mwaka 1988 iliyobuniwa na Shiro Kuramata na kuhamishwa kutoka Tokyo ikiwa vipande vipande. Inapendeza, ila kufikia hapo miguu ilikuwa imegoma. Ushauri wangu kwa atakayekwenda ni aanze na mkusanyiko wa Sigg akiwa bado na nguvu, samani ziachwe za alasiri, na ahakiki kwanza kinachooneshwa kwa sababu maonyesho hubadilishwa. Usiku asikose kuutazama mnara kutoka ng'ambo ya bandari: uso wake wenye upana wa mita 110 na kimo cha karibu mita 66 huwa skrini moja kubwa ya taa, na kuuona hakuna kiingilio.

Niliporudi Guangzhou nilimwonesha mwenye nyumba wangu picha ya ule mchoro wa familia kwenye simu. Ni mwanamke wa makamo yaliyokwisha kupita, sisi wapangaji humwita ayi, yaani mama mdogo, na makumbusho si jambo linalomshughulisha. Nilimweleza kwamba doa lile usoni ni fumbo, labda la aibu, labda la kumbukumbu iliyofutika. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akacheka. Akasema zamani studio zilipaka rangi picha kwa mkono, na fundi akiwa na haraka rangi ilitoka nje ya shavu; mama yake aliwahi kurudisha picha dukani kwa kosa kama hilo. Kisha akaniuliza kama fundi wa huyu naye alilipwa.