Nilinunua Bale Nzima kwa Ajili ya Suruali Moja: Tathmini ya Kura Yangu ya 2022

Bidhaa: mgombea urais wa Kenya, chapa ya chama cha Roots, msimu wa Agosti 2022. Bei: kura moja, pamoja na saa tatu za foleni. Nyota: tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu nimeitoa shingo upande.

Mimi nauza jinzi za mitumba. Aliye kwenye biashara hii anajua kwamba bale, yaani robota la nguo, haifunguliwi kabla ya kulipiwa. Unaigonga, unaipima kwa jicho, unasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, unamuuliza muuzaji imetoka nchi gani naye anakudanganya, halafu unalipa. Mikanda ikishakatwa ndipo unajua umeoa nani. Zile safi kabisa tunaziita kamera, wateja wa alfajiri wanazigombania mpaka wanakanyagana. Kisha daraja la pili. Kisha fagia, zinazomwagwa chini jioni kwa bei ya kuzifukuza. Mzani haujali: kilo 45 ni kilo 45, iwe kamera tupu au fagia tupu.

Hivyo ndivyo nilivyomnunua Profesa George Wajackoyah. Rafiki zangu wananicheka mpaka leo, kwa hiyo acha niifungue bale hadharani, kila mtu aone kilichokuwa ndani.

Kwanza mjue anayenunua ni mtu wa aina gani. Vitabuni watu kama mimi, wanaotaka serikali isiwaingilie, huitwa walibertari. Mimi husema tu kwamba sipendi kushikwa mkono na mtu niliyemlipa mshahara. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka 2019, katika mji ambao sitautaja, nilikuwa nimelipa kibali cha mwaka, nimelipia kibao chenye jina la duka, na nimekatiwa risiti ya ushuru wa siku ambayo wino wake ulikuwa bado unanipaka kidoleni. Kanjo, askari wa kaunti, wakaja na lori. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa unaning'inia nje ya meza, kama shubiri moja hivi, juu ya njia ya watu. Wakabeba suruali, wakabeba na meza. Zilipoondoka zilikuwa 58. Nilipozifuata siku ya tatu, baada ya kulipa faini, nilihesabiwa 31, na meza ilikuwa imepata kazi mpya: askari mmoja alikuwa akila chakula juu yake.

Mwaka uliofuata ikaja korona. Serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba nchini kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti. Tangazo moja tu, na watu wote wa masoko ya Gikomba na Kongowea wakageuka watazamaji wa maisha yao. Bale za akiba zikawa zinapanda bei kila wiki hadi nikaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza pia ni kiongozi gani mzuri. Nikaanza kuuliza ni nani atakayekuwa na uwezo mdogo zaidi wa kunifanyia hivi tena.

Sasa twende sokoni Juni 2022. Karatasi ya kura ilikuwa na sura nne, lakini mabanda makubwa yalikuwa mawili. Banda la Azimio, muungano wa Raila Odinga, lilifungua tarehe 6 Juni pale uwanja wa Nyayo, na siku hiyohiyo Raila akasema kwamba mitumba tunayovaa ni nguo za watu waliokufa. Baadaye alijieleza, alikuwa akizungumzia kufufua viwanda vya nguo, sawa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama katikati ya marehemu hao, nimewapiga pasi, nimewapanga kwa saizi, na nilikuwa na karo ya watoto wawili ya kuwatolea. Banda hilo liliahidi pia shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini.

Banda la Kenya Kwanza, la William Ruto, lilikuwa na wilbaro, alama ya chama chake, mlangoni, na muuzaji wake alijua kuongea na mtu kama mimi. Hasla, mama mboga, bodaboda. Nilisikiliza, nikapenda, halafu nikakumbuka kwamba Ruto alikuwa Naibu Rais tangu 2013. Mtu hawezi kukaa jikoni miaka tisa kisha atoke nje kulalamika kuwa chakula kimeungua. Naye aliahidi mfuko wa shilingi bilioni 50 wa kutukopesha. Deni la taifa lilikuwa limeshapita trilioni 8, na Juni hiyohiyo Bunge likainua dari la kukopa hadi trilioni 10. Mabanda yote mawili yaliniahidi kunipa. Hakuna lililoniambia litaacha kuchukua.

Banda la tatu, pembeni kabisa, alisimama mzee aliyefunga durag kichwani, amevaa suti ya mazoezi, anacheza rege juu ya gari na kupiga kelele za kutingiza miti. Profesa wa sheria, aliyewahi kuwa polisi wa Special Branch, na ambaye amesimulia mwenyewe kwamba alichimba makaburi alipokuwa Uingereza. Hakuna tajiri aliyekuwa nyuma yake, wala kabila lililojipanga. Nikasema huyu angalau ni wa nje kwelikweli.

Kamera ya bale ilikuwa ahadi yake ya kuhalalisha bangi. Mimi sivuti. Moshi wake hunipa kichwa. Lakini sheria yetu ya 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe. Mtaani kwetu kijana mmoja alikamatwa na msokoto, mmoja, ungepotea ndani ya mfuko mdogo ule wa jinzi ambao watu hawajui ni wa nini. Mama yake aliuza mbuzi wawili, kesi haikufika mahakamani, na msokoto sijui alimalizia nani. Sheria kama hiyo haizuii moshi. Inachofanya ni kumpa askari mahali pa kutilia mkono mfukoni mwako.

Tena haya tumeshayaona. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980 na ikaendelea kunywewa miaka 30, gizani, ikichanganywa na vitu vya kupofusha watu, mpaka sheria ya 2010 ikaruhusu itengenezwe kwa leseni. Baada ya uchaguzi wangu, Mei 2024, kaunti za Pwani zikajaribu hivyohivyo na muguka, majani ya kutafuna, mahakama ikasimamisha. Kila mara kuna mkulima mahali fulani anayeamka kukuta zao lake limekuwa kosa. Wajackoyah alikuwa mgombea wa kwanza niliyemsikia akiliweka jambo hili juu ya jukwaa la urais bila kunong'ona. Kwa suruali hiyo moja nilikuwa tayari kubeba bale yote.

Daraja la pili: ahadi ya kufuga nyoka kwa ajili ya sumu yao. Watu walicheka sana nyoka. Mimi sikucheka. Watamu kuna shamba la nyoka ambalo limekuwa likikamua sumu miaka mingi, na dawa ya kuumwa na nyoka nchi hii huagizwa kutoka nje. Mtu akitaka kufuga swila kwa pesa zake na ujasiri wake, mimi nani wa kumzuia? Jirani tu ndiye aulizwe. Korodani za fisi za kuuzia Wachina siziwezi kuzitetea, nimejaribu. Serikali nane za majimbo nilizipenda kwenye karatasi, kwa sababu mamlaka yaliyokatwakatwa hayapigi teke zito. Kisha nikakumbuka kwamba ugatuzi wa 2013 ndio uliomsogeza kanjo karibu na meza yangu. Hapo bado nakuna kichwa.

Na fagia ilikuwa nyingi, jamani. Nitasema bila kuficha maana tathmini ya kusifu tu ni tangazo.

Manifesto ile ilitaka kusimamisha Katiba. Katiba ya 2010! Sura ya nne, ile ya haki za watu, ndiyo jinzi nzuri kuliko zote tulizowahi kushonewa nchi hii, na mtu wa uhuru anaambiwa aivue kwanza halafu atapewa uhuru. Ilitaka wezi wa mali ya umma wanyongwe. Nawachukia wezi hao kuliko wengi, lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mimi sitaki serikali iliyoshindwa kuhesabu suruali 58 ipewe kamba. Ilitaka wageni wasio na kazi warudishwe kwao. Mzigo wangu wote ni mgeni, umeingia kwa meli. Na ilitaka wiki ya kazi ya siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, ili Mwislamu apate Ijumaa yake, Msabato Jumamosi, na wengine Jumapili. Wazo la upendo kabisa. Ila Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zangu za kuuza. Anayetaka kupumzika apumzike. Kwa nini pumziko lipangwe na ofisi?

Kwa hiyo ukiniuliza kama mgombea wangu alikuwa mlibertari, jibu ni hapana. Alikuwa mtu wa mkono mzito aliyeshika ua moja ninalolipenda. Nililijua hilo siku ileile. Mama yangu mzazi alinipigia simu usiku wa kuamkia uchaguzi.

"Baba, kesho unampa nani?" (Ananiita Baba kwa kuwa nimebeba jina la babake.)

"Mama, nampa yule wa bangi."

Akanyamaza kidogo. "Kwani umeanza?"

"Hapana, Mama. Sivuti."

"Basi unampa wa nini? Hashindi huyo."

Hapo ndipo sababu yangu ilipo, na sikuweza kumweleza vizuri kwenye simu. Kwa sababu hashindi. Mgombea mwenye fagia nyingi hivyo siwezi kumpa nchi. Lakini kura yangu moja katika milioni 14 haimpi mtu nchi, inampa namba tu. Nilitaka wale wa mabanda makubwa wanaposoma namba waone kuna wateja ambao hawakuja kwao hata baada ya kuahidiwa 6,000 na bilioni 50. Kumpa kura mmoja wao kungemaanisha kwamba nimeridhika na bei.

Hapo pia ndipo huduma baada ya mauzo iliponiangusha. Tarehe 26 Julai, siku ya mdahalo wa urais, Wajackoyah alifika mahali penyewe kisha akaondoka, hakutaka kupandishwa na mgombea wa nne, David Waihiga Mwaure, peke yake huku wakubwa wakitengewa kipindi chao. Malalamiko yake niliyaelewa. Lakini mteja wako yuko sebuleni, amewasha televisheni, amewaita majirani kwa sababu yako, unaondokaje? Majirani walibaki na chai yangu wakamtazama Ruto akijibu maswali peke yake, maana Raila naye hakuja. Siku za mwisho kabla ya kura, mgombea na mwenza wake Justina Wamae wakawa hawasemi lugha moja hadharani, kila upande ukishukiwa kuwa umeelekea kwenye banda moja kubwa. Fikiria umelipia bale, halafu unasikia wenye duka wawili wanagombana ni nani kati yao amewauzia wengine duka.

Tarehe 15 Agosti pale Bomas, kituo cha kujumlisha kura, zikasomwa: Wajackoyah 61,969. Asilimia 0.44. Nilimwonyesha mke wangu namba hiyo kama mtu anayeonyesha samaki aliyevua, naye akaniuliza kama chakula cha jioni nakitaka sasa au baadaye.

Kuna jambo lazima niliseme, ingawa linaniuma. Kwa miaka kadhaa waagizaji walilazimishwa kupandisha makontena kwenye reli ya SGR hadi Nairobi, watake wasitake, na gharama yake tuliilipa sisi wa mwisho kwenye mnyororo. Aliyeiondoa amri hiyo na kurudisha shughuli za kuondoa mizigo bandarini Mombasa, siku aliyoapishwa, 13 Septemba 2022, ni Ruto. Yule niliyemnyima. Nilipiga makofi peke yangu dukani. Mwaka uliofuata akaleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na kupandisha kodi ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, nikayarudisha makofi yangu. Na 2024, Muswada wa Fedha ulipotaka kutoza hata mkate, vijana waliojaza barabara Juni hawakuwa na mgombea, wala banda, wala wilbaro, na muswada ukaondolewa. Wengi wao 2022 hawakuwa na kitambulisho.

Je, ningenunua tena? Bale ileile, hapana, sura ya nne ya Katiba siichezei mara mbili. Ila nikimkuta tena wa pembeni mwenye suruali moja ninayoitafuta, najijua, nitaanza kugonga bale na kuuliza imetoka wapi.

Bango lake bado ninalo. Liko juu ya meza mpya, chini ya jinzi, linazuia kutu ya bati isiguse kitambaa, na jua limemfifisha mzee hadi durag tu ndiyo inayoonekana vizuri. Wiki iliyopita mvulana wa chuo alikuwa anachagua, akainua suruali, akamwona.

"Ah! Mzee wa miti! Niachie hii, boss."

"Ishirini."

"Bango nzee hivi?"

"Ishirini," nikamwambia, na nikaanza kumtolea jinzi pembeni.