Fundi wa kukagua nyumba ya zamani, Tanga: laki na ishirini iliyonizuia kutoa arbuni

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, ya Kiswahili ile ya zamani, ukumbi katikati vyumba viwili huku viwili huku, jiko na choo uani. Mwenyewe anataka milioni 38. Mimi kwa macho yangu nikaona nyumba ya tofali inayotaka rangi na bati tu, nikapiga hesabu ya kitoto milioni 6 nishahamia, na arbuni nilikua nishaitoa benki. Shemeji ndo akanistua, tafuta kwanza fundi akukagulie, akanipa namba ya huyu bwana.

Bei 120,000 na nauli juu yako. Nikaona ghali aisee, mtu kuja kugongagonga ukuta tu. Alifika saa mbili na nusu kama alivyosema (hii peke yake nampa maksi), ana nyundo ndogo, bisibisi na tochi, ngazi tukaazima kwa jirani. Wala hakuingia ndani, alianza kuzunguka nje anaangalia pale chini ukuta unapokutana na ardhi, afu akaanza kugonga. Ukuta wa mbele mlio mzito. Wa ubavuni ukalia kama debe tupu. Akachokoa kidogo pale plasta ilipokua ishapasuka yenyewe, loh, ndani miti na udongo, saruji wamepaka juu kama poda. Bisibisi ikazama kwenye mti mpaka mpini, mchwa washakula wamebakisha ganda. Akanambia "dada, tofali ni huo wa mbele tu, huku kwingine udongo umevalishwa koti, na hilo koti ndo linauozesha maana unyevu unapanda toka chini afu hauna pa kutokea."

Bati limeliwa na chumvi ya bahari, hilo hata mimi nililiona. Ila kenchi, zile mbao zinazobeba bati, ni nzima bado, mbao ngumu za zamani, akasema asije fundi akakudanganya zitolewe, hizo ukizitafuta leo utazilipia. Waya za umeme zote zitoke. Choo shimo limejaa na liko karibu mno na msingi.

Hesabu yake fundi: ukipaka rangi na kuweka bati ndo hizo milioni sita zako, masika mbili tatu unarudi kulia. Ukitaka kutengeneza kweli unashikilia paa kwa mirunda, unabomoa ukuta mmoja unapandisha tofali, unahamia mwingine, haipungui milioni 17, na kibali cha halmashauri utafute kabla. Yote hayo kaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mwandiko unasomeka kwa shida.

Sasa mabaya yake. Karatasi alisema siku mbili ikaja siku ya sita, na mchana simu hapokei. Afu makaratasi ya nyumba hagusi kabisa, mi nilidhani yamo kwenye bei. Na huko ndo kuna kazi, hati iko kwa jina la marehemu baba yao, watoto watano, mmoja yuko Muscat, anayeniuzia ni mmoja tu na hajateuliwa na mahakama kua msimamizi wa mirathi, yaani ananiuzia mdomo. Hayo nimeyafukua mwenyewe kwa miguu yangu ofisi za ardhi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, sawa, ila pango la ardhi hawajalipa miaka.

Nikarudi kwa muuzaji na ile karatasi ya daftari, kakasirika, kesho yake kanipigia mwenyewe kashuka mpaka 29. Jumla 46 na matengenezo. Kwa hela hiyo Pongwe, kule nje ya mji, napata kiwanja na nyumba mpya, najua, ila toka hapa Ngamiani soko la Mgandini naenda kwa mguu na mama yangu umri ushaenda, Pongwe atakaa na nani barazani?

Kwa hiyo nyumba bado naitaka. Arbuni nimeirudisha benki mpaka karatasi ya mahakama itoke. Fundi nampa nne kwa tano, na kuta zikija kubomolewa nitamwita yeye yeye, ila namfata asubuhi mlangoni kwake, simu sipigi.